Kemia Si Makapi ya Udaktari

Kila mwaka Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi za huku Kasense, Sumbawanga, hukaa kikao. Binti kasoma PCB. Kapata C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia. Baba mtu anauliza, "Udaktari unaingia?" Akiambiwa hauingii, anauliza famasi, kisha maabara ya hospitali, kisha uuguzi. Nafasi zikikosekana kote, mjomba aliyewahi kufika chuo ndiye anayevunja ukimya: "Basi, shemeji, akasome hata kemia." Mama anaguna. Binti mwenyewe anatazama chini kama mtu aliyefeli, wakati hajafeli.

Rai hii nimeisikia kwa wazazi, kwa walimu na hata kwa waliosoma kemia wenyewe: kwamba shahada ya kemia ni ya waliokosa udaktari, kwamba mwisho wake ni chaki, na kwamba asiyetaka chaki atakaa mtaani. Siikubali. Naona inatuharibia vijana kabla hawajakanyaga chuo, na inaunyima mkoa wetu wa Rukwa watu inaowahitaji kweli kweli.

Wazazi wanaosema hivyo hawasemi kwa ujinga. Mzazi wa Ufipa anasomesha kwa magunia ya mahindi na maharage; mkopo wa Bodi ukija pungufu, pengo analiziba yeye kwa jembe. Amewaona vijana wenye shahada za sayansi wakiendesha bodaboda mjini Sumbawanga. Mtu huyo ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Ninachokataa ni jibu analopewa.

Tuanze na udahili, maana ndiko dharau inakozaliwa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka anayetoka kidato cha sita awe amefaulu masomo mawili ya msingi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa shahada ya kemia, somo moja liwe Kemia yenyewe na la pili liwe la sayansi au Hisabati, na kila chuo kina masharti yake ya nyongeza. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, pointi zisizopungua 6, na pasiwe na somo lililoshuka chini ya D. Binti yule wa C, D na E ana pointi 6 kamili. Kilichomfungia mlango ni E ya Fizikia. Kwa kemia, Kemia na Baiolojia tu zimempa pointi 5, na amevuka.

Watu wakiangalia masharti haya mawili wanahitimisha kwamba penye kizingiti kirefu ndipo penye thamani. Lakini kizingiti cha udahili kinapima foleni tu: nafasi ni ngapi na wanaozigombea ni wangapi. Kila darasa la PCB nchini lina wanafunzi wanaojiita madaktari tangu kidato cha tano, na viti vya udaktari ni vichache. Siku vijana wengi wakiigombea kemia kwa nguvu hiyo hiyo, kizingiti chake nacho kitapanda, na vitabu vyake vitabaki vile vile.

Tena ukishaingia darasani, kemia haikuonei huruma kwa sababu ulikuja na pointi chache. Mwaka wa kwanza tu unakutana na nishati ya mabadiliko ya kikemikali, hesabu za kasi ya mmenyuko, na muundo wa atomu unaoelezwa kwa hisabati ambayo wengi wa PCB hawakuisoma kwa kina. Aliyeichagua kemia kwa moyo anakaa chini anaitafuta hisabati yake upya. Aliyetupwa huko na kikao cha familia anasubiri nafasi ya kuhama, anarudia mitihani ya mwaka wa kwanza, anamaliza na GPA ya kusuasua. Kisha anarudi nyumbani, hapati kazi, na ukoo unamnyooshea kidole: mnaona, kemia haina maana. Rai hii inajitengenezea ushahidi wake yenyewe. Tunapeleka kemia watoto tuliokwisha kuwavunja moyo, halafu tunaihukumu kemia kwa matokeo yao.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba mwenyewe moja kwa moja chuoni. Ule mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza mwaka 2010 uliondolewa. Maana yake uchaguzi uko mikononi mwa mtoto na mzazi wake kuliko wakati wowote. Ni kijana mwenyewe anayeiandika kemia ya mwisho kwenye fomu, chini ya vitu asivyovijua wala kuvipenda, kwa sababu vina harufu ya hospitali.

Udaktari wenyewe unachukua miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Nchi inauhitaji, na Rukwa inauhitaji kuliko mikoa mingi. Lakini ile hakika ya zamani kwamba daktari akimaliza anapangiwa kituo haipo tena. Madaktari waliomaliza mafunzo kazini na kusubiri ajira wamekuwa jambo la kawaida. Shahada ya kemia ni miaka 3. Katika muda ambao mwenzake anamaliza udaktari, mkemia aliyejituma anaweza kuwa na shahada ya uzamili mkononi. Anayewapima vijana hawa wawili kwa uhakika wa ajira pekee ajue kwamba anapima kwa mizani ya miaka ya nyuma.

Sasa hili la chaki. Anayesema kemia inaishia darasani amfuate kijana mmoja wa Chato, John Magufuli. Alianza na stashahada ya ualimu wa sayansi Mkwawa, akafundisha Kemia na Hisabati Sekondari ya Sengerema. Akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1988 kwa shahada ya sayansi yenye ualimu ndani yake, ile ile inayodharauliwa vikaoni. Kazi iliyofuata ilikuwa ya mkemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza, kuanzia 1989 hadi alipoingia Bungeni 1995. Katikati akapata shahada ya uzamili, na mwaka 2009, akiwa waziri, akatunukiwa uzamivu wa kemia. Siasa zake kila mtu ana la kusema; hapa nazungumzia njia aliyopita mwana wa mkulima mwenye cheti cha kemia.

Utafiti wake wa uzamivu unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unaonyesha kemia ni kazi ya namna gani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mara nyingi hutupwa au kuchomwa. Ndani ya mafuta hayo mna asidi ambayo molekuli yake ina kichwa kinachopenda kushika chuma na mkia mrefu unaokataa maji. Ukitumbukiza kipande cha chuma katika myeyuko wake, molekuli zinajipanga zenyewe juu ya chuma, vichwa chini, mikia juu, zikafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaozuia maji na chumvi kufika kwenye chuma na kuleta kutu. Mtu anatazama taka za wabanguaji wa Mtwara na kuona ndani yake kinga ya kutu. Ni mafunzo tu yanayompa mtu macho ya namna hiyo.

Hakuwa peke yake. Profesa Egid Mubofu, naye mtafiti wa mafuta ya maganda ya korosho hapo hapo Dar es Salaam, amewahi kuliongoza Shirika la Viwango, TBS. Profesa Mayunga Nkunya, aliyetumia miaka kuchambua kemikali za mimea ya Tanzania akitafuta zinazoua vimelea vya malaria, alikuwa Katibu Mtendaji wa TCU, kisha akaliongoza Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Yaani chombo kile kile kinachoweka masharti ya udahili kimewahi kuongozwa na mkemia.

Na Dkt. Fidelice Mafumiko, aliyekuja kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, alitokea upande wa ualimu. Uzamivu wake wa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ulihusu jinsi shule zetu zinavyoweza kufanya majaribio ya kemia kwa kiasi kidogo kabisa: matone badala ya chupa, vibao vya plastiki vyenye vishimo badala ya vyombo vya kioo vinavyovunjika na kugharimu. Kwa shule ya kata yenye darasa la wanafunzi wengi na bureti moja iliyopasuka, hilo ni tofauti kati ya mtoto aliyeona mmenyuko ukitokea na mtoto aliyeukariri ubaoni. Nasema haya kwa sababu wanaoudharau ualimu wa kemia ndio hao hao wanaolalamika kwamba watoto wa Rukwa hawafaulu sayansi. Shule za huku bado zina uhaba wa walimu wa masomo hayo. Aliyesoma kemia tupu, bila ualimu, akijisikia wito huo baadaye, anaongeza stashahada ya uzamili ya ualimu ya mwaka mmoja na mlango unafunguka.

Lakini hoja yangu kubwa haiko Dar es Salaam wala Uholanzi. Iko hapa juu, kwenye uwanda huu wa Ufipa, ambako kazi ya mkemia imelala chini inasubiri mtu wa kuiokota.

Chukua mahindi, ambayo ndiyo mshahara wetu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 katika kilo moja. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Bei ya gunia la mkulima wa Kasense ikawa imefungwa kwenye namba ambayo jicho haliioni, pua hainusi na uzoefu wa miaka 40 ya kilimo hauipimi. Wala si suala la biashara tu: mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara.

Kuipima ni kazi ya kemia tangu hatua ya kwanza. Sumukuvu haisambai sawasawa ghalani. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima na nyingine zote zikawa safi. Ukichota konzi moja juu ya gunia umejidanganya. Inabidi uchome sampuli sehemu nyingi, juu, katikati na chini, uchanganye, usage, ugawe, usage tena, ndipo uchukue gramu chache uzitoe sumu kwa methanoli na maji na kuisoma kwa kipimo. Kosa la mwanzo halirekebishwi na mashine ya mwisho, hata ikiwa ya mamilioni. Kijana aliyefundwa hivyo hutampata kwa semina ya siku mbili.

Udongo je? Nyanda zenye mvua nyingi huwa na tatizo la udongo wenye tindikali. Katika udongo wa namna hiyo alumini na chuma huikamata fosforasi ya mbolea na kuifungia, mmea ukabaki na njaa juu ya chakula. Mkulima anamwaga DAP, haoni tija, mwaka unaofuata anaongeza mifuko. Tena mbolea zenye amonia, zikitumika miaka nenda miaka rudi bila chokaa, zinaongeza hiyo hiyo tindikali. Mkulima huyu anahitaji mtu wa kumwambia: kwa shamba hili, kabla ya mfuko wa mbolea nunua chokaa, na chokaa yenyewe kiasi hiki. Hilo ni jibu la maabara.

Au mafuta ya alizeti, ambayo mashine zake ndogo za kukamua ziko kila upande wa Sumbawanga. Mafuta yakikaa vibaya yanachacha, asidi zinaachana na mafuta na kuelea huru. Kuzipima unahitaji gramu chache za mafuta, spiriti kidogo, matone mawili matatu ya fenoftalini, na bureti yenye sodiamu haidroksaidi. Unaachia tone kwa tone, unatikisa, unaachia tena. Rangi ya waridi ikitokea na kukaa, unafunga koki na kusoma namba. Mwanafunzi wa kidato cha nne amefanya titresheni ya aina hiyo kwenye praktiko. Mkamuaji ambaye angeweza kusema "mafuta yangu yamepimwa" angeuza kwa bei nyingine, lakini hana wa kumpimia karibu. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Kuzifupisha hizo kilomita kunahitaji vijana wachache wenye shahada na chumba chenye maji na umeme.

Wala tusiseme kemia ni kitu kilichotujia na meli. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma karne nyingi kabla hapajawa na cheti cha Mkemia Mkuu. Ilungu, tanuru lao la udongo, lilisimama juu kupita kimo cha mtu mrefu na halikuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Mkaa ukiungua kwa hewa ya kipimo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo ndiyo inayoyavua mawe oksijeni na kuacha chuma. Kilichotoka humo kilisafishwa katika kintengwe, tanuru dogo la mivukuto. Profesa Bertram Mapunda amefanya uchimbuzi na uchambuzi wa kazi hiyo, na mabaki ya malungu yangali yamesimama hapa na pale Ufipa. Kazi ilikufa enzi za ukoloni, chuma cha dukani kilipoingia. Waliojenga malungu hayo walijua hewa ikizidi au ikipungua nini kinaharibika, na walijua kwa kupima na kurudia, bila kubahatisha. Mjukuu wao leo anaambiwa kemia ni ya walioshindwa.

Lakini kazi kuwepo na ajira kuwepo ni mambo mawili. Nakiri kwamba nafasi za serikali za wakemia ni chache, na usaili wa nafasi hizo hujaa watu. Viwanda vya karibu, kama saruji ya Songwe na bia ya Mbeya, vina maabara lakini haviajiri kila mwaka. Habari za heliamu ya Bonde la Rukwa zilizotikisa dunia mwaka 2016, na zile za madini adimu ya Ngualla, zinapendeza, ila simshauri kijana yeyote achague shahada kwa ajili ya mgodi ambao haujaanza kutoa mshahara. Chunya ni tofauti kidogo: mitambo ya kuchenjua dhahabu inafanya kazi leo, inatumia sayanidi leo, na inahitaji anayejua kemia ya kile anachokimwaga kwenye tangi.

Vyuo navyo vina lawama yao. Mhitimu anaweza kumaliza miaka 3 huku mashine ya kromatografia ameiona kupitia mgongo wa wenzake 30, na mafunzo kwa vitendo akayamalizia kupiga chapa barua ofisini. Mwajiri akimuuliza ameshapima nini kwa mkono wake, anakosa la kusema. Dawa yake ni kijana kujua tangu mwaka wa kwanza kwamba cheti hakitoshi. Aombe field mahali penye maabara hata kama ni mbali na hakuna posho. Ashike hisabati na takwimu. Alinde GPA: vyuo vikuu vya umma vinamtaka msaidizi wa mhadhiri awe na 3.8, na ufadhili wa masomo ya juu haumtazami mwenye GPA ya kusuasua.

Na kwenye masomo ya juu ndiko kemia inakoizidi hata ile shahada iliyokoswa. Aliyesoma kemia vizuri anaweza kugeukia chakula, maji, mazingira, dawa, viuatilifu au madini bila kuanza upya. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, inafundisha uzamili na uzamivu katika sayansi za namna hiyo tangu 2011. Sokoine na Dar es Salaam zipo. Sheria nazo zinazidi kuhitaji vipimo: kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake tangu 2003, vinasaba tangu 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu, iliyoanza 1895 enzi za Wajerumani, imepewa mamlaka kamili kwa sheria ya 2016. Kila sheria ya aina hiyo inataka mtu wa kuweka sahihi chini ya namba na kuitetea mahakamani.

Ndiyo maana nasema rai ya kikao kile ni potofu. Inaangalia jina la kazi na kusahau kazi. Inauliza mtoto ataitwa nani, wakati swali la maana ni ataweza kufanya nini ambacho jirani yake hawezi.

Kwa wenye dhamana mkoani nina ombi moja. Manispaa ya Sumbawanga, halmashauri za wilaya, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa nafaka wachangie maabara moja ndogo ya mazao hapa hapa, ya sumukuvu, udongo na mafuta, na waajiri wakemia vijana kuiendesha kwa ada ya kipimo. Gunia likipimwa Sumbawanga, bei inajadiliwa Sumbawanga.

Na wewe binti wa C, D na E: dirisha la udahili likifunguliwa, chukua mwongozo wa TCU wa mwaka huo, soma masharti ya kila chuo mwenyewe, mweleze baba umechagua nini na kwa sababu gani, kisha andika Kemia namba moja.